Mama na Kitanda cha Ukutani

Mtu akisimama kwenye mlango wa nyumba yetu anaimaliza yote kwa macho kabla hajavua viatu. Sebule ndiyo jiko, jiko ndicho chumba cha kulala, na bafu liko nyuma ya mlango wa kioo kisichoonyesha ndani. Tulipokuwa tunaijenga watu walitucheka. Baadaye wakaanza kuja kuitazama, na baadaye tena wakaanza kuniomba namba ya aliyeichora. Sikuwahi kuiita nyumba ndogo. Mke wa mtu akitamka maneno hayo mbele za watu, wote wanageuka kumtazama mume wake. Tuliiita ile ya ziwani, na ndivyo tunavyoiita mpaka leo.

Kazi yangu ni kushona mapazia. Nimepanda ngazi kupima madirisha hapa Mwanza, Isamilo, Bwiru, Capri Point na kwingine kote wanakojenga wenye uwezo, kwa hiyo nyumba za watu nazijua kwa ndani kuliko mjumbe wa mtaa. Nimeona sebule ambazo makochi yake bado yamevaa nailoni ya dukani. Nimeona chumba cha wageni ambacho mgeni wake pekee ni gunia la mchele na baiskeli ya mtoto ambaye siku hizi ana watoto wake. Mwenye nyumba yenyewe unamkuta uani, kwenye stuli, karibu na jiko la mkaa, na hapo ndipo anapoishi siku zote. Mimi ni mwepesi wa kukasirika, na jambo hili lilikuwa linanikera kana kwamba linanihusu.

Lilinihusu kweli. Tulikuwa na nyumba kubwa Buswelu, yenye korido ndefu na vyumba ambavyo hata mimi nilisahau taa zake zinawashiwa wapi. Nyuma yake kulikuwa na vyumba vya uani vyenye choo chao na mlango wao. Binti yetu alipopata kazi Dodoma akahamia huko, tulibaki wawili, na ikafika mahali mimi na mume wangu tunapigiana simu tukiwa ndani ya nyumba moja. Siku niliyompigia kumuuliza kama yuko bafuni au ametoka, nikaamua inatosha.

Nilitaka nyumba isiyo na kona isiyofanya kazi, na nilitaka iwe ya kifahari. Hapo ndipo wengi waliponiacha njiani, kwa sababu kwetu mtu akijenga padogo anahesabiwa kuwa ameishiwa. Mimi nilitaka fedha ambazo zingezama kwenye vyumba visivyolaliwa ziingie kwenye vitu ninavyovigusa kila siku: bomba linalofunguka kwa kidole kimoja, sakafu ya mninga, kaunta ya jiwe jeusi, shawa inayonyesha kama mvua, na ukuta mzima wa kioo unaotazama ziwa. Kiwanja tulikipata Luchelele, juu kidogo ya maji, katikati ya mawe. Aliyetuuzia alikuwa anatuonea huruma, maana katikati ya kiwanja kulikuwa na jiwe moja kubwa kuliko nyumba tuliyotaka kujenga, na pimbi wamejaa juu yake wakijianika. Mimi nililipenda jiwe lile kuliko kiwanja chote.

Aliyechora ramani ni dada mmoja aliyesomea Dar, mwenye miwani mikubwa na msimamo mkali. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba humo ndani kila kitu lazima kifanye kazi mbili. Ngazi ya kuingilia ni droo za viatu. Benchi ni sanduku la majora yangu ya vitambaa. Meza ya kulia inatoka ndani ya kabati na kurudi. Ukutani hakuna hata msumari mmoja, maana alisema msumari kwenye mbao za mninga ni dhambi, na mimi nikaitikia amina. Lakini uhondo wenyewe ulikuwa kitanda. Kitanda chetu kilikuwa kinasimama ukutani, na upande wa nje kimevishwa ngozi ya kahawia, laini, ambayo mchana ndiyo inayokuwa mgongo wa kochi. Jioni unabonyeza kitufe, mgongo wa kochi unashuka taratibu, na tazama, una kitanda kipana kilichotandikwa. Nilijivunia kitanda kile kuliko nilivyojivunia harusi yangu.

Mota ya kitanda aliifunga mume wangu mwenyewe. Ana duka la vifaa vya umeme mjini, ni mtu mrefu, mpole, wa maneno ya kuhesabika. Amezaliwa Usagara, kwenye mji wa wafugaji wenye uwanja mpana, ambako mtu akitaka kumwita ndugu yake wa nyumba ya pili anapaza sauti. Ramani ilipoletwa aliitazama kwa muda, akaweka kidole katikati ya karatasi.

"Na wageni?"

Nikamjibu kwamba wageni watakaa barazani, watakula sato wao, wataona ziwa, watarudi kwao. Hakuuliza tena. Mume wangu akishauliza jambo mara moja anaona amemaliza wajibu wake.

Miezi ya kwanza tuliishi kwa raha ambayo sijawahi kuiona. Asubuhi naamka, nabonyeza kitufe, chumba cha kulala kinatoweka na mimi niko sebuleni na kikombe cha chai. Kufagia kunachukua muda wa wimbo mmoja wa redio. Mume wangu alijigonga kichwa kwenye rafu ya jikoni mpaka akajifunza kuinama bila kufikiri, na hata akienda dukani kwake akawa anainama. Pimbi walizoea kutuchungulia kupitia kioo. Nyuma ya jiwe kubwa, upande ambao hauonekani kutoka nyumbani, tulikuwa tumesakafia jukwaa dogo kwa ajili ya kitu nilichokiota kwa muda mrefu: beseni kubwa la mbao la kuogea nje, la maji ya moto, mtu anajilaza humo anatazama jua likizama. Bomba lilishavutwa, mtaro ulishachimbwa. Lilibaki beseni lenyewe tu, ambalo lilikuwa linatengenezwa Dar.

Wakati huo huo mama yangu, kule kisiwani Nansio, alikuwa anapoteza macho na hamwambii mtu. Ni mjane, analima mihogo na ana michungwa yake ambayo anaitunza kuliko alivyotutunza sisi. Tulikuja kujua siku alipomfokea jirani yake kwa sauti ya juu, amtoke kwenye mihogo, akidhani ni mbuzi. Jirani ni mtu mzima na ni mzee wa kanisa. Ndipo alipopelekwa kupimwa, ikaonekana ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba akichelewa sana mambo yatakuwa magumu zaidi. Akapangiwa upasuaji Mwanza, mwezi uliofuata. Baada ya hapo alitakiwa akae mjini majuma kadhaa, atiwe dawa ya matone mara nyingi kwa siku, asikae penye moshi wala vumbi, asibebe kitu. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu hatimaye angekuja kuiona nyumba.

Hapa lazima niseme jinsi tunavyoishi. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali meza moja, hawaogi bafu moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anapisha kabisa, anajifanya anakagua majani. Na kitanda cha mkwe, mama mkwe hakioni, sembuse kukigusa. Kule Buswelu mambo haya hayakutusumbua hata kidogo. Mama alikuwa anakuja, anafikia uani kwenye mlango wake na choo chake, mume wangu anapita mlango wa mbele, na mimi katikati nikawa posta: mama anasema asante kwa sukari, mume wangu anasema mwambie mama karibu sana. Maisha yangu yote ya ndoa nimekuwa nabeba salamu kutoka mlango wa nyuma kwenda mlango wa mbele. Halafu siku ya kuiuza nyumba, vile vyumba vya uani mimi niliviita stoo.

Mila hizo sikuzisahau. Ukiniamsha usingizini nitakutajia zote. Lakini yule dada wa Dar aliponiuliza ni nini nisichoweza kuishi bila hicho, nilitaja mahali pa kuweka majora ya vitambaa.

Mama alikuja na meli ya mchana, na kikapu cha machungwa. Mama mdogo, anayekaa Mkuyuni, alimpokea bandarini akamleta mpaka kwangu. Mume wangu, kwa adabu zake, alikuwa amekaa barazani upande wa mbali, amewapa kisogo, anafungua na kufunga taa ambayo haikuwa na ubovu wowote. Akaitikia hodi yao kwa pembeni, wakaingia ndani. Nilimkalisha mama kwenye kochi. Akaigusa ngozi kwa kiganja, akajiegemeza, akalaza kichwa nyuma, akafumba macho.

"Kochi lako linapokea mgongo vizuri," akasema.

Nikawatembeza, ingawa kutembea kwenyewe kulikuwa ni kugeuka tu pale pale. Niliwafungulia shawa, nikawatolea meza kabatini, nikawaonyesha friji iliyojificha nyuma ya mlango wa mbao. Mama mdogo, ambaye hana dogo, akahesabu milango, akauliza tunalala wapi. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kumpa chungwa. Lakini nilikuwa nimevimba kichwa, na swali lile ndilo nililozoea kulisubiri kwa kila mgeni. Nikamwomba mama ainuke kidogo. Alidhani nataka kufagia. Nikabonyeza kitufe.

Mota ile ukishaianzisha haimsikilizi mtu. Ukuta ukaanza kushuka, polepole, kwa mlio wake wa adabu, na kwanza yakatokeza mashuka, kisha mito miwili, kisha, kwa kuwa asubuhi ile nilikuwa na haraka, bukta ya mume wangu ya kulalia, imebanwa kwenye mkanda unaoshika godoro. Mama alikuwa anakunja uso kutafuta ni nini kinachomjia. Akauliza hicho kinachoshuka ni kitu gani.

"Dada, hicho ni kitanda cha mkweo," mama mdogo akasema. "Ndicho ulichokuwa umekiegemea."

Nilibonyeza kitufe tena na tena. Kitanda kikaendelea kushuka mpaka kikafika chini na kutulia. Mama akavuta kanga akajifunika uso wote. Na mume wangu, kwa kusikia ukimya wa ghafla, akageuka kule barazani. Nimeshasema kwamba ukuta wetu wa mbele ni kioo. Aliona kitanda chake kimetandazwa katikati ya chumba, na mama mkwe wake amesimama mbele yake na kanga usoni. Akashuka kwenye mawe na viatu vyake vizuri, akapita kando ya maji mpaka barabarani, akaenda dukani. Ilikuwa Jumapili na duka lilikuwa limefungwa.

Mama nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha lile jiwe kubwa. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anamenya chungwa kwa kupapasa, taratibu, ganda lote likitoka kipande kimoja. Nilianza kuongea haraka haraka. Nikasema kochi nitalifunika, nikasema mume wangu atakwenda kulala kwa kaka yake Usagara mpaka matibabu yaishe, nikasema dunia imebadilika. Mama aliniacha nimalize pumzi.

"Nyumba ni nzuri, mwanangu," akasema. "Lakini humo ndani sina pa kuweka macho. Kila nikigeuka namkuta mkwe wangu."

Nikamwambia mkwe atakuwa Usagara. Akasema hata akiwa Usagara, kitanda ni chake, na yeye hawezi kulala juu ya kitanda cha mume wa binti yake hata kama ni kipofu. Nikamwambia basi tutafute gesti nzuri. Mama mdogo akadakia kwamba haiwezekani mtu alale gesti na ana mtoto mjini, watu watasema nini. Nikamgeukia yeye, nikasema basi alale kwako. Lakini sote tulijua kwamba kwa mama mdogo, pale Mkuyuni, nje ya dirisha kuna wakaanga samaki kuanzia asubuhi mpaka giza, na daktari alishakataza moshi. Mama akala kipande cha mwisho cha chungwa, akafuta mikono.

Akasema atarudi na meli ya kesho. Macho yameshazoea, akasema. Atakuja kutibiwa mwaka mwingine, mambo yakikaa sawa.

Nilikasirika. Nilipaza sauti mpaka pimbi wakatawanyika. Nilisema maneno kuhusu ukaidi wa wazee ambayo sitayarudia hapa. Mama akasimama, akaomba mama mdogo amshike mkono kwenye mawe, wakaondoka. Kesho yake akapanda meli kweli. Mimi nikabaki na nyumba ambayo magazeti yangeipiga picha, na ambamo mama yangu hana pa kulala.

Kwa wiki nzima nilipambana kwa silaha ninayoijua. Nilishona pazia. Nilichukua velveti ya kijani, nzito, yenye bitana mbili, ile ninayowashonea wanaotaka chumba kiwe giza mchana, nikaifunga kwenye reli kutoka ukuta hadi ukuta. Nyumba ikagawanyika nusu mbili, na kila nusu ikawa haitoshi hata kuvalia shati. Nikampigia mama simu kumweleza. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kama mtu akikohoa upande wa pili wa pazia lile anasikika. Nikakiri kwamba anasikika. Akasema basi hiyo ni nguo tu, akaniaga.

Mume wangu wakati wote huo hakusema lolote. Alikuwa bado ana aibu ya bukta. Alikuwa anaingia akiwa ameinama hata mahali ambapo hapakuwa na rafu. Mimi nikachukulia kimya chake kuwa ni kutojali, nikamwambia usoni kwamba mama yangu anapofuka na yeye anakunywa chai. Akamaliza chai yake, akatoka.

Jumamosi narudi kutoka kupima madirisha, nasikia nyundo nyuma ya jiwe. Nikazunguka. Mume wangu na fundi seremala, yule yule aliyetujengea, walikuwa wamesimamisha nguzo kwenye jukwaa langu. Jukwaa la beseni langu. Mbao zilizobaki za nyumba zimepangwa chini, na dirisha moja lililotengenezwa kwa vipimo vya makosa, ambalo tulikuwa tumelificha chini ya turubai, tayari limeshawekwa likitazama maji.

Niliuliza nini hiki, ingawa nilikuwa nakiona. Mume wangu akasema bomba lilikuwepo, mtaro ulikuwepo, na jiwe lilikuwepo. Nikamwambia na beseni je. Akasema ameshapiga simu Dar wasilete. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kusema, na mengine yalikuwa makali. Akaweka nyundo chini.

"Mimi na mama yako hatuwezi kukaa nyumba moja," akasema. "Lakini jiwe moja tunaweza."

Niliangalia. Jiwe lilikuwa katikati kabisa, mgongo wake mmoja kwetu na mwingine kule. Mtu wa upande huu hamwoni wa upande ule hata akisimama kwa vidole vya miguu. Mlango wa kijumba ulikuwa unatazama ziwani, na njia yake inapanda peke yake mpaka barabarani. Ulikuwa ni ule uani wetu wa Buswelu, umerudi, na mimi nilikuwa nimekusudia kuogea hapo. Nililia kidogo, kwa hasira na kwa mambo mengine, kisha nikamuuliza fundi kwa nini ameweka kitasa cha bei rahisi.

Kuanzia hapo kazi ikawa yangu. Nilisema kama ni kijumba basi kiwe cha kifahari kuliko kile cha mbele. Sakafu nikaitaka mninga. Bafu likawekewa shawa ile ile inayonyesha, na kiti cha kuogea. Mapazia nikayashona kwa kitani ambacho nilikuwa nimekihifadhi kwa mteja ambaye hakuwahi kurudi. Yule dada wa Dar nilimtumia picha, akapendekeza kitanda chenye droo chini na meza inayogeuka kuwa benchi. Nikamwambia hapana, asante. Kitanda kikawa kitanda. Kiti kikawa kiti.

Mama ilichukua simu nyingi kumshawishi, na mwishowe aliyefanikiwa ni mama mdogo, ambaye alikuja kukikagua kijumba na kumwapia kwamba kutoka pale hata kikohozi cha mkwe hakifiki. Alikuja siku chache kabla ya tarehe mpya ya upasuaji, ambayo nilimwombea hospitali. Nilimpitisha kwenye njia yake, nikampa ufunguo wake. Alisimama kizingitini, akanyoosha mkono, akausukuma ukuta kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu.

"Huu ukuta," akauliza, "ni ukuta?"

Nikamhakikishia. Akapapasa kitanda, akakisukuma nacho, hakikuenda popote. Akakaa. Kisha akaomba kitu kimoja tu, msumari wa kutundikia mfuko wake. Nilimwazia yule dada na miwani yake. Nikaenda kuchukua nyundo, nikaugongomelea msumari mwenyewe kwenye mbao za mninga.

Upasuaji ulikwenda salama, jicho la kwanza na baadaye la pili. Nilihamishia cherehani yangu kwenye kibaraza cha mama ili nisikose saa za matone. Na hapo ndipo kilipotokea kitu ambacho sikukipanga. Asubuhi ya kwanza mume wangu, akiwa anakwenda dukani, alisimama upande wetu wa jiwe, akakohoa, akapaza sauti kama watu wa kwao wanavyofanya kutoka nyumba hadi nyumba.

"Shikamoo mama."

Upande wa pili, kibarazani, mama akainua kichwa. Mimi nilikuwa na chupa ya dawa mkononi.

"Marahaba baba," mama akajibu, naye kwa sauti ya shambani. "Umeamkaje?"

Tangu siku hiyo hawakunihitaji. Asubuhi walisalimiana, jioni walipeana habari, kila mtu na upande wake wa jiwe. Walianza na mvua. Wakaingia kwenye mihogo, na bei ya dagaa, na ng'ombe wa baba mkwe wangu aliyewahi kuvuka mto na kurudi na ndama. Siku nyingine nilisikia mama anacheka peke yake mlangoni kwake, na upande wa pili mume wangu, yule wa maneno ya kuhesabika, anaendelea kusimulia. Wivu nilikuwa nao, sikatai. Nilikuwa nimezoea kuwa posta, sasa nimefungiwa ofisi.

Majuma yakaisha. Daktari akasema macho yamepona, anaweza kurudi kwenye michungwa yake. Mama akapanga kuondoka na meli ya kesho yake. Mchana nilipokwenda kumtia matone ya mwisho nilimkuta mlangoni, mfuko umeshafungwa uko miguuni kwake, naye anatazama chini ziwani. Mume wangu alikuwa kule kwenye maji, amekunja suruali, ametupa kisogo, anasafisha chujio la pampu. Kofia ameivua ameiweka juu ya kijiwe kando yake. Nilisubiri mama ageuze uso kama kawaida. Hakugeuza. Kwa umbali ule, na mtu amekupa kisogo, hakuna mila inayokukataza.

"Kumbe ana mvi," akasema.

Nikamwambia ni za siku nyingi.

"Siku ya mahari nilimtupia jicho mara moja, kwa kuiba," akasema. "Alikuwa kijana mwembamba. Basi ndiye huyo niliyekuwa namwitikia salamu miaka yote."

Mume wangu alisuuza chujio, akaliinua juu kulitazama, akaliosha tena. Mama akanigeukia, akaniambia nije na mimi. Nilidhani ni dawa, nikachuchumaa mbele yake na chupa. Akanishika kidevu. Akanivua kilemba akakiweka mapajani mwake, akanipitisha kidole kwenye nywele za juu ya sikio, ambako kumekuwa keupe tangu Buswelu. Alinitazama kwa muda mrefu, na macho yake yalikuwa safi, meusi, sijayaona hivyo kwa miaka. Sikuwa nimewaza hata siku moja kwamba na mimi alikuwa hanioni.

"Umekuwa mama yangu mtupu," akasema.

Akanirudishia kilemba changu. Kisha akausukuma mfuko wake kwa mguu, kuelekea ndani.

"Hiyo meli ya kesho iende tu," akasema. "Sijamaliza kuwatazama."

Nikauchukua mfuko nikaurudisha ndani, nikautundika kwenye msumari wake.